Mja wa Nani? Mikono Iliyobusiwa Katika Njia ya Tabora

Katika nusu ya pili ya karne ya kumi na tisa, mtoto mmoja wa Manyema, ng'ambo ya Ziwa Tanganyika, alifikishwa Bagamoyo akiwa mtumwa. Watu wa Manyema waliochukuliwa hawakuwa na njia nyingi za kufika pwani ya Mrima: walivushwa ziwa, wakashuka Ujiji, wakapita Tabora, kisha wakaendelea kwa miguu miezi kadhaa mpaka waione bahari. Mtoto huyo aliingia katika nyumba ya Amir bin Sulaiman al-Lamki, mtu mkubwa wa Bagamoyo. Akasoma. Akafanya biashara, akapata mashamba ya minazi, akafungua chuo cha kusomesha watoto, akapokea ijaza ya tarika ya Qadiriya. Waingereza walipokwisha kuutwaa mji mwaka 1916, alikuwa liwali wao. Alipofariki mwaka 1931, jina la Sheikh Ramiya lilikuwa likitajwa kwa adabu kutoka Bagamoyo hadi maziwani. Na katika mji uliojua vyema alivyoingia, waungwana na watumwa wa jana walikaa pamoja mbele yake.

Jina lake la chuoni lilikuwa Yahya bin Abdallah. Msomaji wa pwani anajua kwamba mtu aliyesilimu bila ya kuwa na baba Mwislamu aghalabu huitwa "bin Abdallah", mwana wa mja wa Mungu. Jina hilo lina upole, maana humpa ukoo asiyekuwa na ukoo. Lakini kwa mtu aliyekuwa mali ya mtu mwengine lina na ukali wake. Mtu akishaandikwa kuwa wa Mungu, je, aweza tena kuwa wa mwanadamu? Na mkono wa sheikh ukibusiwa, anayeubusu ameinama mbele ya nani?

Maswali haya huulizwa leo misikitini na makanisani kana kwamba yameanza jana, na wanaoyauliza huwa tayari na jibu. Mimi naona hayafahamiki sawasawa mpaka yarudishwe katika njia ile ya Tabora, kwa sababu huko neno "mja" halikuwa istiari.

Tabora ilikuwa fundo la njia. Richard Burton na John Speke walipofika Novemba 1857, wakati huo sehemu hiyo ikiitwa Kazeh, waliwakuta wafanyabiashara wa Kiarabu wamekwisha jenga matembe yao chini ya himaya ya watemi wa Unyanyembe, na mwenyeji wao akawa Snay bin Amir. Hapo njia ziligawanyika: magharibi kwenda Ujiji, kaskazini kwenda Karagwe na Buganda, kusini kwenda Ufipa na kwa Kazembe. Kutoka Bagamoyo hadi Ujiji ni kiasi cha kilomita 1,200, na pembe za ndovu zilivuka masafa hayo juu ya mabega ya watu. Baadhi yao walikuwa wapagazi wa Kinyamwezi waliolipwa ujira na kujivunia kazi yao. Wengine walikuwa watumwa. Na walikuwepo wa kati na kati, watumwa wa pwani waliotumwa na mabwana zao bara na bunduki na nguo, ambao walipofika huko wakajiita waungwana. Mrima hawakuwa waungwana; uungwana waliuvaa njiani.

Watu hawa waliamkiana vipi? Neno "shikamoo", ambalo leo mtoto wa Tabora humwambia bibi yake, padri wake na sheikh wake bila ya kufikiri, asili yake ni "nashika miguu". Ndivyo mnyonge alivyomwamkia mkubwa wake, na mtumwa bwana wake. Wako wahubiri wa zama zetu wanaowakataza watu kulisema, kwa hoja kwamba miguu haishikwi kwa kutukuzwa. Hoja yao ina historia, lakini historia haikusimama pale walipoiacha. Neno lililokuwa la mtumwa limekuwa la mjukuu, na hakuna bibi wa Kinyamwezi anayelisikia akajidhania mungu. Nalitaja mapema ili tuone kwamba kuinama ni jambo moja, na anachokusudia anayeinama ni jambo jengine.

Sasa tuje kwenye tarika. Sheikh Uways bin Muhammad wa Barawa, aliyezaliwa 1847, alisoma Baghdad kwenye kaburi la Sheikh Abdulqadir al-Jilani, na katika miaka ya 1880, zama za Sayyid Barghash, akaja Unguja. Kutoka kwake na kwa makhalifa wake Qadiriya ikaenea Mrima, na kutoka Mrima ikaingia bara kwa njia ileile ya misafara. Mwanzoni mwa karne ya ishirini Tabora ilikuwa na khalifa wake, Sheikh Zahur bin Muhammad. Reli ilipofika Tabora mwaka 1912 na Kigoma mwaka 1914, ijaza zilipata gari la moshi. Na kutoka Ujiji tarika ikavuka ziwa mpaka Manyema. Yaani ilikwenda, kwa kurudi nyuma hatua kwa hatua, mpaka pale alipochukuliwa yule mtoto wa Bagamoyo.

Kwa nini watu waliokuwa watumwa, na watoto wao, waliingia kwa wingi namna ile? Wataalamu wameandika juu ya siasa na juu ya ushindani wa vyeo, nao hawakukosea. Mimi ningependa tutazame mambo mawili madogo.

La kwanza ni duara. Msikitini kuna safu ya mbele na safu ya nyuma, na ingawa sheria haimpi tajiri safu ya mbele, mazoea ya miji yetu yalimpa. Katika halka ya dhikri hapana mbele. Watu husimama bega kwa bega, mkono ndani ya mkono, pumzi zao zikienda pamoja kwa jina la Mungu, na anayetazama kutoka nje hawezi kusema yupi alinunuliwa na yupi alinunua. Wanavyuoni wa kale walioichukia dhikri ya sauti ya kifuani walisema kwamba haina adabu. Huenda baadhi yao walichukia pia kwamba haina safu.

La pili ni neno lenyewe, "silsila". Khalifa anapopewa ijaza hupewa na orodha ya majina: fulani amepokea kwa fulani, naye kwa fulani, mpaka kwa al-Jilani aliyefariki Baghdad mwaka 1166, na kupindukia hapo mpaka kwa Mtume. Kila mfasiri wa Kiarabu anajua kwamba silsila ni mnyororo. Hebu tumfikirie mtu aliyeshushwa njia hii shingo yake ikiwa katika mnyororo pamoja na shingo za wasiojuana, akakatwa na mama yake, lugha yake na jina lake. Kisha akapewa mnyororo mwengine ambao kila pete yake ni jina la mtu, nalo lake likawa mwishoni. Tukimwambia kwamba majina hayo ni masanamu, tuwe tayari kumwonyesha tutampa nini badala yake.

Lakini wenye kupinga nao wana haki yao, na kuwapuuza ni uvivu. Hoja yao kubwa ni juu ya tawasuli, kumwomba Mungu kwa kumpitia walii, khasa walii aliyekwisha kufa. Wanasema kwamba mlango wa Mungu hauna bawabu. Katika zama za Sheikh Uways, watu wa Salihiya huko Somalia, wafuasi wa Sayyid Muhammad Abdullah Hassan, walikataa kuwaomba mawalii waliokufa na wakawaona Qadiriya kuwa wamepotoka, na Uways naye akawajibu kwa mashairi makali. Mambo hayakuishia katika mashairi. Mwezi Aprili 1909, mahali paitwapo Biyole, wapiganaji wa Salihiya walimvamia wakamuua, yeye na wengi wa wanafunzi waliokuwa pamoja naye. Alikuwa mzee wa miaka sitini na kitu.

Habari hiyo hunisimamisha kila nikiisoma. Waliomuua walikuwa wakiutetea umoja wa Mungu, na amri waliyoitii ilitoka kinywani mwa kiongozi wao. Walikataa kumwomba sheikh aliyekufa, wakaua kwa kumtii sheikh aliye hai. Basi ipi kati ya hizo ndiyo ibada ya mtu?

Imepokewa katika hadithi za Tirmidhi kisa cha Adi bin Hatim, aliyekuwa Mnasara, akaja kwa Mtume na msalaba shingoni. Alipoisikia aya inayowalaumu watu waliowafanya wanavyuoni na watawa wao kuwa mabwana badala ya Mungu, alishangaa. Wao hawakuwa wakiwaabudu. Akajibiwa kwa maana hii: je, hawakuwa wakihalalisha mkahalalisha, wakiharimisha mkaharimisha? Hiyo ndiyo ibada yenyewe. Kipimo hiki hakiulizi nani kambusu mkono nani. Kinauliza nani anayeachiwa kulifanya ovu kuwa halali.

Tukishika kipimo hicho tukarudi Tabora, tutaona kwamba sanamu kubwa la njia ile halikuwa kaburi la walii yeyote. Wafanyabiashara waliowafunga watu minyororo walikuwa wakisali vipindi vitano. Sheria waliyoisoma iliweka masharti mazito juu ya nani anaweza kufanywa mtumwa, nao masharti wakayaacha porini. Na wanavyuoni waliowajua, walio wengi, walinyamaza. Hata dola zilizokuja kwa jina la kukomesha utumwa hazikuwa na haraka. Wajerumani waliamuru kwamba watoto waliozaliwa baada ya tarehe 31 Desemba 1905 wawe huru, wakawaacha wazazi wao palepale. Sheria ya kufuta utumwa Tanganyika ilikuja kwa Waingereza mwaka 1922. Kwa hiyo Sheikh Ramiya alikuwa sheikh, na liwali, katika nchi ambayo utumwa ulikuwa haujafutwa kisheria. Watu waliomwona akipita walikuwa wakiitazama fatwa inayotembea.

Njia hiyohiyo ilipitisha na misalaba. Mapadri wa Afrika, wana wa Kardinali Lavigerie, waliondoka Bagamoyo mwaka 1878, na katika miaka ya 1880 wakawa na kituo Kipalapala, karibu na Tabora, walikolea watoto waliowakomboa kwa kuwanunua. Nia ilikuwa njema, na Lavigerie mwaka 1888 aliizunguka Ulaya akihubiri dhidi ya biashara ya watumwa. Ila mtoto aliyenunuliwa, hata na padri, anabaki na deni asilolikopa. Atasali anavyosali mnunuzi wake, ataoa aliyelelewa pamoja naye, ataishi katika ardhi ya misheni. Lavigerie alikuwa na ndoto kubwa zaidi, ya ufalme wa Kikristo katikati ya Afrika, na huko Mpala, ng'ambo ya Karema, askari wa zamani wa Papa, Kapteni Léopold Joubert, alikabidhiwa ulinzi wa watu wa misheni kuanzia 1887, na bunduki zake. Kanisa lenye mipaka, jeshi na raia: hapo chombo kimekaribia sana kukaa mahali pa kile kilichokusudiwa kubebwa ndani yake.

Na bado, katika chombo hichohicho alikuwemo Adrian Atiman. Alizaliwa karibu na Timbuktu, akaibwa, akanunuliwa na mapadri Algeria, akasomeshwa udaktari Malta, na mwaka 1889 akafika Karema, pwani ya Ziwa Tanganyika. Akakaa. Akaoa huko, mwanawe akawa padri, naye akaendelea kutibu na kufundisha dini mpaka alipofariki mwaka 1956, miaka 67 mahali pamoja. Mnunuzi wake alimpeleka Karema. Lakini miaka 67 haipelekwi na mnunuzi. Namwona Atiman na Ramiya kama ndugu ambao hawakukutana, mmoja mwisho huu wa njia, mmoja mwisho ule, wote wawili wakiwa wamelipiwa bei na wanadamu.

Tukiwa hapa, hatuwezi kuipita Kwihara bila ya kumtaja maiti aliyebebwa. David Livingstone alifia kwa Chitambo mwaka 1873. Moyo wake ulizikwa huko chini ya mti, na watu wake, Chuma na Susi na wenzao, wakaukausha mwili na kuuchukua pwani. Walipofika Unyanyembe Oktoba mwaka huo, Luteni Cameron aliwashauri wamzike papo hapo. Walikataa. Mbele kidogo ya hapo, walipoona wenyeji wanaichelea maiti, waliifunga upya ikawa kama robota la nguo, wakapita nayo kwa hila hadi Bagamoyo, Februari 1874. Mwezi Aprili akazikwa Westminster, London, na muda si muda akawa walii wa Waprotestanti, hao waliokuwa wakiwacheka Wakatoliki kwa masalia yao. Tembe la Kwihara alimokaa na Stanley mwaka 1872 ni makumbusho leo, na wageni huenda kuzuru. Simlaumu mtu. Naonyesha tu kwamba hata wanaojiona wamekata mizizi ya ziara, ziara huwaotea mahali pengine.

Warekebishaji wa pwani walikuwa na habari ya maradhi haya. Sheikh al-Amin bin Ali al-Mazrui wa Mombasa, aliyefariki 1947, aliandika kuwaamsha Waislamu waache kutegemea vyeo na mazoea. Mwanafunzi wa fikra zake, Sheikh Abdallah Saleh al-Farsy wa Unguja, aliyefariki 1982, alizishambulia bidaa kwa vijitabu na kwa mimbari, na wazee wengi wa maulidi hawakumsamehe. Lakini ni al-Farsy huyohuyo aliyeketi akakusanya maisha ya wanavyuoni wa Kishafi wa Afrika Mashariki: nani alisoma kwa nani, nani alizikwa wapi, nani alikuwa na sauti nzuri. Lau si kitabu hicho, majina mengi ya silsila zetu yangalikuwa vumbi. Aliyewakataza watu kuyazunguka makaburi ndiye aliyeyaandikia makaburi majina. Sioni kinyume hapo. Aliwapenda watu wale kwa kipimo cha watu.

Hatari ya tarika, kwa nionavyo, haikuwa katika kuupenda mkono. Ilikuja pale cheo kilipokuwa urithi, khalifa akawa mwana wa khalifa, na ugomvi wa nani ana ijaza ya kweli ukawagawa watu kuliko ibada ilivyowaunganisha. Ilikuja pia kwa hofu. Mwaka 1908 ilienea kutoka Lindi ile barua iliyoitwa ya Makka, inayosimulia ndoto ya mtunza kaburi la Mtume na kuwatisha watu kwa kiyama kilicho karibu. Wajerumani walitetemeka, wakamshuku hata Rumaliza, mfalme asiye taji wa Ujiji ya zamani, aliyekuwa amerejea Unguja. Barua ile ilitaka itiiwe kwa sababu imetoka mahali patakatifu, basi. Msomaji asidhani imekufa: hutufikia hata leo katika simu zetu, na bado ina adhabu kwa asiyeituma kwa wenzake.

Wala upande wa pili haukupona. Tarehe 1 Februari 2020 watu 20 walikufa Moshi katika msongamano wa kuyakanyaga mafuta yaliyoombewa na mhubiri mmoja. Hawakuwa wajinga. Walikuwa wagonjwa, na wenye madeni, na wazazi, waliokuwa na haja ya Mungu usiku ule na wakaonyeshwa mahali pa kukanyaga.

Tofauti ya uwanja ule na halka ya Tabora haimo katika wingi wa mapenzi. Imo katika kile anachobaki nacho mtu akitoka. Mtumwa aliyetoka katika halka alitoka na jina, na uradi alioweza kuusoma peke yake usiku, shambani, bila ya sheikh kuwapo. Huyo alishikwa mkono ili afike. Aliyefundishwa kwamba lazima arudi kesho kununua chupa nyengine amepata bwana.

Wafasiri wamelihangaikia jambo hili kwa kalamu. Kiswahili chetu kina neno "mtume" na neno "mtumwa", na yote mawili yamezaliwa na kitenzi kimoja, kutuma. Paulo anapojitambulisha mwanzoni mwa waraka wake kwa Warumi, Biblia ya Muungano ya 1952 ilimwita "mtumwa" wa Kristo, sawa na Kigiriki chake. Wafasiri wa Habari Njema, mwaka 1996, wakaweka "mtumishi". Naelewa kwa nini mkono wao ulisita. Wapo wasomaji ambao mababu zao waliteremshwa njia ya Tabora. Lakini "mtumishi" hupokea mshahara na aweza kuacha kazi, na Paulo hakusema hivyo. Katika Qurani wafasiri wetu wamezoea "mja", neno ambalo katika Kiswahili cha kale lilikuwa na maana ya mtumwa pia, likalainika kwa kutumika kwa Mungu tu mpaka tukasahau kwamba liliwahi kuuzwa sokoni.

Wako ambao hawakulilainisha. Njia ya kusini, dada wa njia ya Tabora, ilitoka Kilwa ikafika Ziwa Nyasa na kuvuka hadi Nkhotakota, na huko nako watu walivushwa kwa maelfu. Katika mji huo, utumwa ulipokwisha na vizazi vikageuka, Qadiriya ilifundishwa na mwanamke, khasa kwa wanawake wenzake. Alikuwa na ijaza na silsila kama khalifa yeyote. Jina lake lilikuwa Mtumwa, Mtumwa binti Ali bin Yusufu, na hakulibadilisha. Waliokuja kwake walimwita Sheikha Mtumwa.